Gobore la Darubini

Wawindaji wa kulungu katika majimbo mengi ya Marekani wametengewa msimu wa gobore. Hoja ilikuwa nzuri: anayemimina baruti mdomoni mwa mtutu, akashindilia risasi kwa mdeki na kumwomba Mungu baruti isilowe, hana budi kumnyatia mnyama hadi karibu. Basi apewe siku zake porini. Wenyewe wakaitikia amina, kisha wakaenda dukani.

Tangu fundi wa bunduki Tony Knight abuni modeli yake ya MK-85 mwaka 1985, gobore limezidi kunona: fataki nyuma ya baruti, risasi yenye koti la plastiki, darubini juu. Siku hizi yupo anayejisifu kumlenga kulungu aliye mita 400. Risasi hukaa njiani zaidi ya nusu sekunde. Mnyama akisogea hatua moja, iliyokusudiwa moyo huishia tumboni. Wala ya pili haipo karibu, maana hilo, jamani, bado ni gobore.

Colorado wanakataza darubini msimu huo. Idaho wanadai fataki ikae nje. Wenye magobore wananuna, eti wanaporwa mila za mababu. Mababu hao sijui walinunua wapi leza ya kupimia umbali.