Bata Wasiokufa

Kompyuta ya kwanza katika ukoo wa mume wangu ilinunuliwa Bukoba mwaka 1999. Mnunuzi alikuwa mama yake mdogo, aliyeolewa mtaa wa Kashai na kubaki huko ndugu zake waliporudi Rwanda. Kila likizo ndefu mume wangu na mdogo wake walivuka mpaka wa Rusumo kwenda kumsalimia mama mdogo, na mama mkwe anajua hadi leo kwamba safari zile zilikuwa za kompyuta.

Shemeji, mdogo huyo wa mume wangu, ndiye aliyeileta kwetu Kabuga, Rwanda. Mama mdogo alikuwa anahamia Mwanza kwa binti yake, vitu vikagawanywa, naye akaomba kitu kimoja tu. Alishuka kwenye basi pale kituoni akiwa ameifunga kwenye kitenge, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008. Mume wangu alipofungua kitenge kile mezani hakusema neno. Alibonyeza kitufe kimoja cha kibodi, akakisikiliza kinavyorudi juu, akabonyeza kingine.

Ni kibodi nene ya plastiki, zamani nyeupe, sasa manjano ya siagi iliyokaa juani. Mgongoni ina tundu la kuchomekea kaseti. Ina padi mbili, adapta, waya wa kwenda kwenye TV, na bunduki nyeusi ya plastiki ambayo watoto wangu walianza kuigombania kabla haijafika mezani. Kaseti zilikuwa mbili: moja ya michezo, nyingine ya kujifunza kuchapa na kuandika programu za BASIC. Ya tatu, ya mchezo wa Contra, haikuonekana. Kila ndugu alimtazama mwenzake.

Waliokua miaka ya tisini wanazikumbuka mashine hizi. Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ilitoa Famicom huko Japani, kazi ya mhandisi Masayuki Uemura na wenzake. Baada ya miaka michache viwanda vya Taiwan na China vilianza kuiga saketi zake, baadaye vikaibana mashine nzima ndani ya chipu moja iliyofunikwa kwa tone la gundi nyeusi, na bei ikashuka hadi pale ambapo muuza duka wa Bukoba aliweza kuagiza. Wengine waliipachika kibodi ili mzazi aamini ananunua elimu. Mama mdogo aliamini, na mimi nasema hakudanganywa: shemeji alijifunza kuchapa kwenye kibodi ile, na leo anaishi kwa kazi ya ofisini.

Usiku ule tuliichomeka kwenye TV yetu ya flati iliyo sebuleni. Mario akakimbia, akaruka, akafa kwenye shimo lilelile ambalo mume wangu anasema lilimuua Bukoba. Ikafika zamu ya bata. Bata wanaruka kutoka kwenye majani, unalenga, unavuta kifyatulio, bata anaanguka. Kitinda mimba wetu akafyatua. Bata akaendelea na safari yake, mbwa akachomoza kwenye nyasi akicheka. Dada yake akajaribu. Shemeji akajaribu, akisema huyu hajui kulenga. Mbwa akacheka. Mwishowe mtoto alikuwa amebandika mdomo wa bunduki kwenye kioo, juu ya bata mwenyewe, na bata bado anaruka.

"Hiyo bunduki imekufa," mama mkwe akaamua kutoka kwenye kiti chake.

Mume wangu akaifungua. Nilishika tochi ya simu nikaona mle ndani: lenzi ndogo ya plastiki, nyuma yake kihisi cha mwanga kama punje ya mtama, kibao cha saketi, waya zimechomelewa kwa risasi. Akafuta lenzi kwa pamba, akafunga. Bata hawakufa. Watoto walilala wakilaumiana, na shemeji akakaa kimya kwa namna ambayo iliniuma, kwa sababu alikuwa amebeba kitu kile kwenye mapaja kutoka Bukoba.

Jumamosi, umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, ulipokwisha, niliibeba bunduki na kibodi hadi kwa fundi mmoja karibu na soko la Kabuga. Ni kijana mtulivu, anatengeneza redio, ving'amuzi na simu. Aliiwasha kwenye TV ya kichogo aliyokuwa nayo mezani, akafyatua, bata akaanguka.

"Mama, bunduki ni nzima," akaniambia. "Flati yenu ndiyo haiwezi."

Nilimwomba anieleze, na alinieleza vizuri kiasi kwamba nimekuwa nikilisimulia jambo hili kila ninapopata msikilizaji. Bunduki ile haitoi chochote. Ni jicho. Ukivuta kifyatulio, mashine inaifanya skrini nzima iwe nyeusi kwa picha moja, halafu kwenye picha inayofuata inachora kiboksi cheupe pale alipo bata. Kama jicho limeona giza, kisha mwanga, umelenga. Ndiyo maana kulenga balbu ya chumbani hakusaidii: balbu haiwi giza kwanza. Yote hayo yanapita kwa sehemu ndogo ya sekunde, na macho yetu yanaona mmweko tu.

Sasa, kichogo huchora picha kwa mshale wa elektroni unaokwenda mstari kwa mstari, zaidi ya mistari 15,000 kwa sekunde, na mahali mshale unapopita panawaka kwa nguvu na kufifia papo hapo. Bunduki za Nintendo zilitengenezwa ziuchuje mwanga wenye mapigo hayo na kupuuza mwingine wote. Flati haina mshale. Mwanga wake umetulia, tena picha huchelewa kidogo wakati TV inaikuza ijae kioo. Kiboksi cheupe kinapotokea, mashine imeshamaliza kuuliza. Fundi akafungua kamera ya simu yake akaielekeza kwenye kichogo: katika simu, mkanda mweusi ulikuwa ukiteremka juu ya picha, ukiisha unaanza tena. Akaigeuzia kwenye flati ya mteja iliyokuwa ukutani. Hakuna mkanda.

Uemura yule wa Famicom, kabla ya kwenda Nintendo, alikuwa Sharp akiuza vihisi vya mwanga, na mteja wake alikuwa Nintendo, ambako Gunpei Yokoi alivitumia kutengeneza bunduki za kuchezea. Mchezo wa bata wa mwaka 1984 ulizaliwa humo. Nilipenda kujua kwamba uzi ulianzia kwenye punje ile niliyoiona kwa tochi.

Kwa hiyo tulihitaji kichogo, na nyumbani kwetu kichogo kipo kimoja. Kiko chumbani kwa mama mkwe, inchi 21, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake redio na picha ya marehemu baba mkwe. Rwanda ilipozima mitambo ya analojia mwaka 2014 mama mkwe alikinunulia king'amuzi, akakitumia hadi tulipoleta flati. Kilinunuliwa kwa fedha za ng'ombe. Kila mtu hapa nyumbani anamjua ng'ombe huyo kwa rangi.

Mume wangu alimwendea kwa adabu zote. "Mama, tunaomba TV yako itusaidie sebuleni."

"Haitoki."

Shemeji akaongeza yake. "Mama, ni kwa ajili ya watoto."

"Watoto hawajui njia ya chumbani kwangu?"

Ikawa hivyo. Redio na picha vilihamishiwa kabatini, kitambaa kikakunjwa, na kibodi ya Bukoba ikahamia chumbani kwa bibi. Kichogo chenyewe kilisogezwa kutoka pembeni hadi mbele ya kitanda na wanaume wawili, uzito wote uko mbele kwenye kioo, na ukikishika vibaya kinakuvuta kifudifudi. Fundi alikuwa ametuonya tusifungue kifuniko hata kikiwa kimezimwa, kwa sababu ndani ya bomba la picha hubaki umeme wa maelfu ya volti.

Bata walianguka. Shemeji aliua wa kwanza, akakabidhi bunduki kwa kitinda mimba bila kuombwa.

Furaha ilidumu hadi mume wangu alipotaka milio iwe mikubwa, akaleta sabufa, akaiweka ubavuni mwa TV. Asubuhi kona nzima ya picha ilikuwa zambarau, na kijani ikichungulia pembeni. Mama mkwe alikaa kitandani akiitazama. Hakufoka. Alisema, "Mmeniulia ng'ombe mara ya pili," na mume wangu akatoka nje.

Nikampigia fundi. Akauliza swali moja: kuna spika karibu? Nyuma ya kioo cha TV hizi kuna bati jembamba lenye matundu madogo mno, linaloelekeza mshale wa elektroni ufike kwenye rangi yake. Sumaku ya spika hulitia bati hilo sumaku, mshale ukapinda, rangi zikachanganyika. Na TV ina dawa yake ndani: koili inayozunguka kioo, ambayo hufanya kazi sekunde chache tu kila unapoiwasha ikiwa imepoa. Ondoeni sabufa, akasema, zimeni kabisa, subirini nusu saa, washeni. Rudieni. Tulifanya hivyo siku nzima, na kila tulipowasha kichogo kilinguruma kwa ndani, na zambarau ikarudi nyuma kidogo. Jioni ilibaki alama ya ukubwa wa ukucha. Kesho yake haikuwepo. Sabufa haivuki tena mlango wa chumba kile.

Binti yangu mkubwa, bata hawakumkamata. Alichukua kaseti ya pili. Aliona neno INPUT, akaona GOTO, akaniuliza, akamuuliza baba yake, akaanza kumtengenezea bibi yake programu ya ikimina. Wanawake wa kikundi cha mama mkwe huweka akiba kila wiki na kukopeshana, na hesabu zote ziko kichwani mwa mtu mmoja na kwenye karatasi za mwingine. Binti aliandika mstari kwa mstari: uliza jina, uliza kiasi, jumlisha, rudi mwanzo. Nafasi ni finyu. Famicom yenyewe ilikuwa na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi, kwa hiyo majina marefu ya wanakikundi ilibidi yafupishwe, na kila mama alipewa herufi mbili baada ya majadiliano marefu. Alikuwa amefika mahali pa riba uniti za umeme za Cash Power zilipoisha.

Giza. Kila kitu kikafutika. Kibodi yetu haina pa kuhifadhia. Wajapani wenye BASIC ya Famicom waliweza kurekodi kwenye kaseti za redio, lakini sisi hatuna tundu hilo. Mtoto alilia kilio cha mtu mzima. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekaa naye jioni ile yote akimtajia viwango, alimshika mkono gizani, akamwagiza kaka yake achukue simu anunue umeme kwa hela ya bibi, kisha akatoa daftari lake la ikimina na kuchana kurasa za katikati ambazo hazijaandikwa.

"Andika humu kwanza," akamwambia. "Mashine inasahau. Daftari halisahau."

Sasa programu ipo kwenye kurasa hizo, mistari yote na namba zake, 10, 20, 30. Siku ya kikundi binti huichapa upya wakati wanawake wanavua viatu mlangoni, na wakishakaa jumla zinatoka kwenye kichogo kwa herufi nyeupe. Ameshapata kosa moja la hesabu la miezi iliyopita, na aliyedaiwa zaidi amerudishiwa fedha yake.

Fundi wa sokoni ametuwekea kichogo kingine kibovu cha kutolea vipuri. Kisipofaa kitapelekwa Bugesera, kwenye kiwanda cha Enviroserve, maana kioo chake kina madini ya risasi na si cha kutupa bondeni.

Jana mama mdogo alipiga simu kutoka Mwanza. Kaseti ya Contra imeonekana, ndani ya droo ya cherehani, imefungwa kwenye soksi. Nani aliifunga, hakuna ndugu aliyekiri. Shemeji amesema ataifuata mwisho wa mwezi, na mume wangu ameshaomba ruhusa kazini ili aende naye.