Kucha Nne za Mkono wa Kulia

Mama mkwe alinikuta mkono wangu wa kulia umo ndani ya kisanduku cha taa ya bluu, na binti wa saluni ananiambia kwa upole, "Usitikise kaka, bado haijakauka." Hiyo ni juzi. Mpaka leo pikipiki ikipunguza mwendo nje ya nyumba yetu, naingia chumbani.

Niliamkia inavyopasa. "Shikamoo mama." Akanyamaza kidogo, akipima kama salamu ya mahali pale inastahili jibu, kisha akasema, "Marahaba baba. Umemleta mwenzio?" Nikasema hapana. Akakagua viti vyote, kimoja baada ya kingine, akahakikisha binti yake kweli hayupo, ndipo akarudisha macho kwenye kisanduku. Adabu ya mkwe ninaijua: usiketi naye mkeka mmoja, usitafune mbele yake bila kukaribishwa, usimtazame usoni akisema. Ya kukutana naye ukiwa unabandikwa kucha sikuwahi kufundishwa.

Na nilikuwa nimechukua tahadhari. Mimi nakaa Mtera, upande wa Dodoma. Nilivuka daraja la bwawa makusudi nikaenda Migori, mkoa wa Iringa, mkoa mzima mwingine, ili nisionwe na mtu wa kwetu.

Kabla mama hajaingia nilikuwa nimeshahojiwa. Binti aliuliza nataka rangi gani, nikamwambia isiyo na rangi. "Sasa kaka, ubandike kitu kisichoonekana ili iweje?" Nikamweleza kuwa ni mkono mmoja tu, gumba na vidole vitatu vinavyofuata, kidole cha mwisho akiache. Akawaita wenzake. Walikuja wote, mmoja ana chanuo mkononi, nyuma yake mteja ambaye nusu ya kichwa ilikuwa haijasukwa. Wakajadili kesi yangu kana kwamba nimetoka nje. Mmoja akasema hiyo ni nadhiri. Mwingine akasema kuna watu wa machimboni huagizwa hivyo na waganga. Walichokubaliana kwa kauli moja ni bei: hesabu ni ya vidole kumi, hivyo sita nisivyovitaka nivilipie, shauri yangu.

Mama mkwe aliketi. Kumbe amekuja kumchukua mjukuu wake aliyekuwa anasukwa.

"Ni kwa ajili ya gitaa, mama," nikasema.

"Gitaa."

"Ndiyo mama."

"Umejiunga na bendi?"

"Hapana mama. Napiga peke yangu."

"Kanisani?" Hapo sauti yake ilikuwa na matumaini.

"Nyumbani, mama."

"Peke yako. Nyumbani." Akafungua mkoba, akatoa simu. Nilipofika kwangu mke wangu alikuwa ameketi mlangoni, na hakuuliza nimetoka wapi. Aliuliza tu, "Tuone."

Msomaji naye ana haki ya kuona. Uzi wa gitaa ukivutwa na kuachiwa hautoi sauti moja. Uzi mzima unatetema, na papo hapo nusu yake inatetema kivyake, theluthi yake kivyake, robo yake kivyake, na kuendelea, kila kipande na sauti yake ya juu zaidi. Sikio halivitenganishi, linasikia sauti moja iliyo nene au kavu, tamu au kali. Vipande vipi vitaamka na vipi vitalala inategemea sana uzi umeachiwaje. Nyama ya kidole ni pana na laini, inaupinda uzi kwa kona butu, na vile vipande vidogo vya juu vinazimwa kabla havijaanza. Ukucha ni mwembamba na mgumu. Unaupinda uzi kwa kona kali, unauachia ghafla, na vyote vinaamka. Ndiyo maana wapigaji wa gitaa la nyuzi za nailoni hufuga kucha za mkono mmoja na kuzisugua kwa msasa laini, ule wa mafundi rangi wa magari, maana hata mkwaruzo mdogo kwenye ukingo wa ukucha unasikika.

Nasema haya huku Dodoma kwa Wagogo, watu ambao hawahitaji somo hili. Skeli ya muziki wao inafuata hivyo hivyo vipande vya juu vya uzi mmoja. Sikiliza ilimba ya Hukwe Zawose, aliyezaliwa Doduma mwaka 1938, ile misumari ya chuma ikichezwa kwa madole gumba, na utando wa buibui umebandikwa kwenye tundu ili sauti iwe na mkwaruzo mtamu. Mtu anayebandika utando wa buibui kwenye sanduku la mbao kwa ajili ya sauti hawezi kunicheka mimi na kucha zangu. Lakini saluni ile hapakuwa na mpiga ilimba.

Ukucha ulionipeleka huko ni wa kidole cha pete. Ulivunjikia kwenye mwiba wa mgongoni wa perege nikiwa napara samaki. Kwa bahati mbaya nilikuwa katikati ya "Recuerdos de la Alhambra" ya Francisco Tárrega. Humo gumba hupiga besi, halafu kidole cha pete, cha kati na cha shahada hugonga uzi mmoja kwa zamu, upesi kiasi kwamba sikio linadanganyika kusikia noti moja ndefu isiyokatika. Kidole cha pete kikikosa ukucha, kila mzunguko wa vidole hivyo vitatu unaanza na noti bubu, na muziki mzima unachechemea. Ukucha hukua kama milimita 3 kwa mwezi. Ningengoja.

Sikungoja, ingawa kuhusu kucha watu wenyewe wa gitaa hawajawahi kuelewana. Karne ya 19 mjini Paris, Fernando Sor alipiga kwa nyama ya vidole na hakuwa na simile na kucha. Rafiki yake Dionisio Aguado alipiga kwa kucha. Wakakaa jengo moja, na Sor akatunga kipande cha gitaa mbili kwa ajili yao wawili, akakiita "Les Deux Amis". Na huyu Tárrega aliyenifikisha Migori, miaka yake ya mwisho alikata kucha zake zote. Hilo nililisoma nikiwa nimeshalipia vidole kumi.

Kinachoniudhi kwa kweli si saluni. Mwalimu mmoja wa kwenye video, mwenye mikono isiyojua jembe, anashauri mpigaji avae glavu akiosha vyombo na aepuke kazi za bustani. Bustani! Huku watu wanapalilia mtama na uwele, wanavuta nyavu, wanapasua kuni za kubanikia samaki. Ala hii imewekewa sharti ambalo mwenye kazi za mikono hawezi kulitimiza, na mwenye sharti hajui kama ni sharti. Analiita usafi. Video hiyohiyo inaonya kuwa kupiga kwa gumba na shahada tu ni tabia mbaya ya wanaojifunza wenyewe, ikatwe mapema. Jean Bosco Mwenda wa Katanga aliporekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 pale Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, alipiga "Masanga" kwa gumba na shahada. Mwaka 1961 msomi David Rycroft alianza kuchapisha uchambuzi wa upigaji wake katika jarida la African Music, noti kwa noti. Vidole viwili vya Mwenda vimewapa kazi wasomi. Vyangu vinne vimempa kazi mama mkwe.

Mengine ni madogo. Kipande cha mpira wa ping-pong nilichokuwa nimekibandika kwa supaglu badala ya ukucha kilibaki kwenye ugali wa mgeni. Kwenye send-off moja MC alinishukuru kwa wimbo mzuri nilipomaliza kukaza nyuzi, akawasha Bongo Fleva. Nyuzi za chuma, ndizo zilizojaa madukani, ziling'oa daraja la gitaa usiku wa manane na mke wangu akadhani tumevamiwa.

Tangu hapo kwa zile nyuzi tatu nyembamba natumia mshipi wa kuvulia samaki. Sijavumbua kitu. Nyuzi hizo zilikuwa za utumbo wa kondoo mpaka Vita Kuu ya Pili ilipoufanya adimu, kwa kuwa hospitali ziliutumia kushonea majeraha. Albert Augustine wa New York akageukia nailoni, na mpiga gitaa Andrés Segovia akaipokea. Uzi wa kwanza unataka unene wa milimita 0.7 hivi na mvuto wa kilo 7 hivi, kazi ndogo kwa mshipi uliotengenezwa kumzuia samaki anayepigania roho yake. Kwa hiyo nilikwenda kwa mzee anayeuza zana za uvuvi, nikaomba mita mbili za ule mnene.

"Mita mbili," akasema. "Kijana, unavua nini?"

Nilitazama kucha zangu zinazong'aa, nikaziingiza mfukoni.

"Kambale, mzee."

"Kwa mita mbili utamvua akiwa jikoni." Hata hivyo akanikatia, akaongeza ndoano mbili kubwa bila kuulizwa, akanieleza kwa kirefu kuhusu utumbo wa kuku, kwamba uuache uvunde siku nzima juani kwanza. Nililipia na ndoano. Alikataa kunirudishia chenji mpaka nirudie maelezo yote ya chambo, neno kwa neno.