Kiboko Alikuwa na Manyoya

Nyumba ya kupanga yenye mita moja ya umeme haina siri. Hapa kwetu Mbagala ukiwasha feni mchana, jirani anakohoa; ukipiga pasi mashati mawili mfululizo, anapita dirishani kusalimia. LUKU ikiisha kabla ya siku zake, mshitakiwa wa kwanza ni runinga yangu ya inchi 32, ingawa kila mtu anajua Mama Ubuyu wa chumba cha uani ana friji inayogandisha barafu usiku kucha, za kuuza shuleni. Mimi huwa sisemi kitu. Ananidai.

Runinga yenyewe haina king'amuzi kilicholipiwa. Tunarusha picha kutoka kwenye simu yangu, bando likiwepo. Wanangu walishamaliza vipindi vya Ubongo Kids, katuni zinazotengenezwa hapahapa Dar na zilizoanza kuonyeshwa TBC mwaka 2014, mpaka ikawa nikihesabu chenji ya dukani wananiimbia. Basi jioni moja simu ilikuwa inaonyesha video ya ufugaji wa kuku chotara, hakuna anayeangalia. Video ikaisha, YouTube ikajiamulia yenyewe kinachofuata. Akatokea kima mwekundu, na jina la kipindi: Tinga Tinga Tales.

Niliduwaa. Wanyama wale wa madoadoa na macho ya duara nilikuwa nawajua! Ndio walewale wa kwenye vibao na sinia wanazouziwa watalii Oysterbay, pale Morogoro Stores, ila sasa wanatembea na kusutana. Katuni ilichorwa Nairobi, kwenye studio ya Homeboyz, kwa ajili ya kampuni ya Uingereza iitwayo Tiger Aspect, na CBeebies ya BBC ikaanza kuionyesha mwaka 2010. Nyimbo zina mkono wa Eric Wainaina wa Kenya. Vipindi viko 52, kila kimoja dakika kumi na ushee. Watoto wa Kiingereza wameshakua nazo, wengine sasa hivi wanalipa kodi zao wenyewe. Sisi wenye picha tumeletewa na kuku chotara.

Kila kipindi kinajibu swali: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini nyoka hana miguu, kwa nini tumbusi ana upara, kwa nini mbu analia. Hilo la mbu lilinyamazisha sebule nzima, maana Mbagala si swali la watoto. Na wanyama wenyewe wanaishi kipangaji: huyu anaringa, yule ana wivu, wa tatu anajua habari za wote. Vichekesho vingi vya familia huwachekesha watoto huku baba anasinzia. Hiki kilinifanya niwaambie watoto wapunguze kelele, baba anaangalia.

Tabu ni kwamba simu ikirusha picha, inarusha kila kitu. Siku ya tumbusi uliingia ujumbe wa muamala, ukatanda juu ya upara wake: salio lako jipya ni shilingi 1,140. Mama Ubuyu, aliyekuwa ameegemea mlangoni na beseni lake, alisubiri kwa adabu hadi kipindi kikaisha, ndipo akasema, "Kumbe baba na wewe mwenzetu."

Mwenye nyumba alikuja kudai kodi siku ya kiboko. Watoto wakatoa shikamoo, mke wangu akatoa kiti, mimi nikatoa nilichokuwa nacho: "Mzee, kesho tu." Hakunijibu. Macho yake yalikuwa kwenye runinga.

"Hizi si picha za Edward hizi?"

Mzee ni mtu wa Tunduru, na mimi sijapata kukutana na mtu wa Tunduru ambaye shamba lao halikupakana na la kina Edward Saidi Tingatinga. Akakihama kiti, akakaa kwenye kochi. Akatueleza jinsi Edward alivyokuja Dar kutafuta maisha, jinsi mwishoni mwa miaka ya sitini alivyoanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa ("Ile ya kupakia baiskeli, unaijua wewe?"), akauza nje ya Morogoro Stores, akawafundisha ndugu na jamaa. Na jinsi polisi walivyompiga risasi mwaka 1972, wakimdhania jambazi. Hapo watoto waliacha kutafuna barafu. Wale aliowafundisha hawakutawanyika. Mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika, na picha zao unazikuta palepale hadi leo.

"Sasa wewe," akaniambia, kidole kwenye runinga, "rudisha mwanzo."

Kiingereza hakijui, wala hakukihitaji. Alisimulia juu ya sauti za wenyewe: kiboko alikuwa na manyoya mazuri, akashinda mtoni anajitazama, sungura akachoka na maringo hayo, akatafuta moto. Kijana wangu alipothubutu kusema kwamba runinga inasema vingine, mzee alimtazama kwa huruma. "Hao wamesimuliwa na Waingereza."

Moto ulipomshika kiboko, mzee alijisogeza kwenye kochi ili atuonyeshe mbio alizotoka nazo. Kitochi chake kilikuwa mfuko wa nyuma, na namba ya mwisho aliyopiga ilikuwa yangu, kama ilivyokuwa ya kabla yake na ya kabla ya hiyo. Simu yangu ikaita. Kiboko akapotea, runinga ikawa nyeusi, katikati yakasimama maandishi meupe. Binti yangu yuko darasa la pili, na tangu ajue kusoma hapitwi na bango. Akasoma kwa sauti ya kujibu darasani:

"Mzee... Ko-di... U-si-po-ke-e."

Mke wangu alikwenda kuangalia jiko ambalo halikuwa na moto. Mama Ubuyu akainamia beseni, mabega yanatikisika. Simu haikuwa na haraka, ikaita tu, na mimi kidole hakilengi kile kitufe chekundu. Nilipokipata, kiboko akarudi, ameshanyonyoka.

Mzee alijipapasa nyuma, akatoa kitochi, akakiangalia, akaangalia runinga, akaniangalia mimi. Kisha akamwita binti.

"Wewe si ndiye msomaji? Haya, nisomee na hapa. Mimi nilikuwa nampigia nani?"

Binti akakisogeza kwenye mwanga.

"M-pa-nga-ji... Ke-sho."

"Enhee," mzee akasema, akajiegemeza vizuri. "Haya, weka ile ya mbu."