Sifa za Lipu Inayodondoka

Maporomoko ya Boyoma yamesifiwa vya kutosha, na wavuvi wa Kiwagenia na mitego yao wameshapigwa picha hadi wamechoka. Mimi mtu wa Kapalata, hapa Kisangani, nimekuja kukisifu kitu ambacho hakuna aliyewahi kukitungia hata ubeti mmoja: lipu inayobanduka kwenye nyuso za maghorofa ya Makiso.

Niseme mapema kwamba sina masilahi. Nyumba yangu ni ya chini, miti na udongo ubavuni, mabati juu. Ikianguka itaniangukia mwenyewe, na hilo litakuwa jambo la kifamilia. Ghorofa lina moyo mkubwa zaidi. Halikuulizi kama wewe ni mpangaji au jamaa wa mwenye nyumba. Ukipita chini yake tu, umo katika mgawo.

Na lipu hii ina nasaba. Wakoloni waliondoka mwaka 1960 wakatuachia barza na roshani. Ikaja vita ya 1964, ukaja uasi wa 1967, kisha zikaja zile siku sita za Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipoona hakuna uwanja mzuri wa kugombana kuliko mji wa watu wengine. Makombora zaidi ya 6,000 yalituangukia. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 40 ni za mali iliyoharibiwa. Kuta hazikungoja hukumu. Zilitunza kumbukumbu zake tundu kwa tundu, na kila tundu likawa mlango wa mvua.

Mvua yetu nayo haihitaji kukaribishwa mara mbili. Maji huingia polepole mpaka yakakikuta chuma kilichozikwa ndani ya zege. Chuma hushika kutu, na kutu hunenepa kuliko chuma kilichoizaa. Hukosa pa kukaa, ikalisukuma zege nje kama jino la ukubwani linavyolisukuma la utotoni. Juu, kwenye ukingo, ndege ameacha mbegu ya mtini. Mti umeota, umependeza, mizizi yake inapanua ufa bila kelele. Nani mwingine mjini hapa anafanya kazi usiku na mchana, bila mshahara, bila kugoma?

Wapo waoga. Mwaka 1979, huko New York, kipande cha jengo kilimwua mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akipita njiani. Mwaka uliofuata wakatunga sheria: kila jengo linalozidi ghorofa sita uso wake ukaguliwe kila baada ya miaka mitano. Gharama yote hiyo ya nini? Fundi mzee angewaambia kwamba nyundo ndogo inatosha. Gonga ukuta: palipo pazima hutoa mlio mkavu, palipoachana hulia kama ngoma. Lakini hata nyundo kwetu ni anasa. Lipu yetu hujikagua yenyewe na kuleta taarifa mpaka begani kwako.

Tena huwa haitaarifu mara moja tu. Kule Unguja, alikotoka Tippu Tip kabla Mfalme Leopold wa Ubelgiji hajamfanya liwali wa mji wetu mwaka 1887, kuna Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka uleule wa 1883 kilipoanzishwa kituo chetu cha Stanley Falls. Mwaka 2012 liliangusha sehemu ya roshani yake. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kulikarabati, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka, na watu wawili wakafa. (Hapa msifu hukohoa kidogo, akanywa maji.)

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakujua kuna njia ya tatu: huzibi, wala hujengi, unahamisha meza.

Yupo mama mmoja anayeuza mikate ya kukaanga chini ya roshani ninayoifahamu. Zamani meza yake iliegemea ukuta kabisa, penye kivuli kizuri. Kikaanguka kipande cha ukubwa wa sahani. Akaisogeza shubiri mbili. Mwaka uliofuata, shubiri tatu. Ukitaka kujua hali ya jengo lile usimtafute mhandisi, pima kutoka ukutani hadi mezani kwake. Ndiyo ramani pekee ya hatari niliyowahi kuiona mjini, na husahihishwa kila baada ya mvua.

Juzi ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nikashuka kwenye toleka, baiskeli ya abiria, nusura niikanyage sufuria yake: meza imefika ukingoni mwa barabara, baiskeli zinaipita kwa kuinama.

“Mama, mbona umetuhamia njiani?”

Aliinua macho juu, akayarudisha kwenye mafuta. “Papa, simama huku kwangu. Na uchague upesi.”