Breki ya Mkono Inayokanyagwa kwa Mguu

Gari langu jipya lina miaka 17. Nasema jipya kwa sababu kwangu ni jipya, na kwa sababu yule kijana aliyenikabidhi funguo Dar es Salaam aliliita jipya mara tatu bila kupepesa macho. Lilizaliwa Japani, likawatumikia wenyewe huko mpaka wakalichoka, likapakiwa melini, likaangukia mikononi mwa mtu wa Songo Songo ambaye ujana wake wote usukani alioujua ni wa mashua.

Neno hilo ndilo lililoniponza. Kiswahili kimekiita usukani cha chomboni, kikakiita usukani cha garini, nami nikadhani aliyejua kimoja kajua vyote viwili. Kisiwa chetu unakimaliza kwa miguu kabla jua halijawa kali. Magari ni ya mtambo wa gesi na mengine ya kuhesabu, na watu barazani hawaulizani habari za gia. Wanaulizana kama maji yanajaa au yanakupwa. Udereva niliusomea ukubwani, Mbagala, kwa gari la shule lililokuwa na klachi ngumu kama kung'oa nanga iliyonasa mwambani.

Kwa hiyo yule kijana aliponiambia, "Mzee, subiri nikuelekeze vitu vyake," nilimjibu, "Naelewa." Hata kiti sikukisogeza. Nilitoka pale magoti yakiwa karibu na kidevu.

Kitabu cha gari kilikuwemo, kinene, Kijapani kitupu. Usiku nilikifungua nikasoma picha. Ukurasa mmoja una mtoto amelala kitini, na juu yake wamechora mkasi mkubwa mwekundu. Nikaelewa kwamba gari hili haliruhusu watoto kusinzia.

Tena kuna yule mwanamke. Kila nikiwasha, sauti ya kike, laini, yenye adabu zote, inasema maneno matatu manne ya Kijapani halafu inanyamaza. Siku ya kwanza nilizima, nikashuka, nikaenda kuangalia viti vya nyuma. Binti yangu, aliye kidato cha pili, ndiye aliyemtegeshea simu ya kutafsiri. Kumbe mama wa watu anasema kadi haijawekwa. Kwao kuna kimashine cha kulipia barabara kuu bila kusimama, walianza kukitumia mwaka 2001, na kimashine hicho kimekuja na gari mpaka Mbagala, kinaendelea kudai kadi ya barabara isiyofika hata Chang'ombe. Redio nayo ni vilevile: FM yake inaanzia 76 inaishia 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Nilibaki na mbili tu na mvumo kama wa kusi.

Sasa gesi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kusafirishwa kwa bomba: kilomita 25 hivi chini ya bahari mpaka Somanga, kisha zaidi ya kilomita 200 nchi kavu mpaka Ubungo. Pale sehemu kubwa inaendesha mitambo ya umeme, na kiasi kinashindiliwa kwenye mitungi ya magari. Kwa mtu wa kwetu kutembelea petroli niliona ni kama kununua pweza Dodoma. Nikampelekea fundi gari, akaweka mtungi kwenye buti, akachomeka kitufe cha duara kwenye dashibodi chenye vitaa vya kijani, akaanza kunieleza. Nadhani mnajua nilivyomjibu.

Nimepanga foleni muda wa saa tatu nzima jijini, katikati ya bajaji, kununua kitu kilichotoka nyuma ya nyumba ya bibi yangu.

Safari yenyewe ilitokana na mjomba, kaka wa mama, nahodha mstaafu, aliyekuja Dar kutibiwa macho. Alipopona nikamwambia hapandi basi. Nitamfikisha mwenyewe Somanga, gari tuliache kwa mwenyeji wetu mchuuzi wa samaki, sisi tupande boti ya kwenda nyumbani. Akaingia na kofia yake, akashika mpini wa juu ya mlango kama anashika henza. Nikawasha. Yule mwanamke akasema yake.

"Marahaba, mwanangu," mjomba akaitikia.

Kisha macho yake mapya yakatua kwenye gia. Akasoma kwa sauti, herufi moja moja. "Hawa wametuandikia safari, mjomba. D ndiyo Dar hapa. P mkoa wa Pwani, R Rufiji, N Nangurukuru. Na L hii ya chini Lindi." Akasita. "Kilwa iko wapi?" Nikamwambia Kilwa haipo. Hilo lilimuudhi kwelikweli. Mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, Wajapani wanauruka wanaiandika Nangurukuru, njia panda ya juzi!

Tukang'oa nanga. Gari hili ni otomatiki, halina klachi. Kichwa kililijua hilo. Mguu wa kushoto haukuambiwa. Nao kwa bahati mbaya ulipopapasa mahali pake pa zamani ukakuta kijipedali kidogo, umbo la kisigino cha mtoto. Ukakikanyaga. Kikalia krrr, kama kamba ya nanga ikikwaruza ukingo wa chombo, kikabaki chini. Nikajua ndiyo klachi ya kisasa, unaikanyaga asubuhi inatosha mpaka jioni. Kwenye dashibodi kikawaka kitaa chekundu cha mviringo chenye alama ya mshangao ndani yake. Sikukijali. Mbagala kila kitu kinashangaa.

Njiani gari likawa zito. Nikizidisha mafuta, linanguruma bila kukazana. Kila nikitaka kukata kona, wipa zinafagia kioo kikavu, maana gari la shule indiketa ilikuwa kushoto na hili iko kulia. Wenye bodaboda walikuwa wananiangalia kwa huruma. "Chombo kinakwenda joshi," mjomba akasema, "au umepakia nini nyuma?" Karibu na Mkuranga tukaanza kusikia harufu. Mjomba akavuta pua, akasema watu wa huku wanaunguza korosho. Nikakubali, Mkuranga ni nchi ya korosho, nani angebisha?

Trafiki hakukubali. Alitusimamisha, akainama kwenye gurudumu la nyuma, akarudi dirishani ameziba pua.

"Mzee, breki ya mkono umeachia?"

Nikapeleka mkono katikati ya viti, pale breki za mkono zinapokaa. Nikashika chupa ya maji. "Hili halina, afande."

Akaingiza kichwa mpaka kwenye mapaja yangu, akanyoosha kidole chini. "Hiyo hapo."

"Hiyo si ya mguu?"

"Ndiyo breki ya mkono."

Mjomba aliuangalia mkono wake, akauangalia mguu wangu, akageuka kutazama minazi.

Ilibidi kuikanyaga mara ya pili ndipo ikaruka juu kwa kishindo na kile kitaa kikazimika. Trafiki, Mungu ambariki, hakuandika faini. Alinitia kivulini robo tatu ya saa mpaka magurudumu yapoe, akanieleza kwamba breki iliyochemka namna ile unaweza kuikanyaga mtelemkoni na isikamate. Akaniambia pia niondoe mguu wa kushoto kazini. Nilimsikiliza nusu. Kibiti, kwenye tuta, mguu ule ukajitolea tena, safari hii ukaikuta breki yenyewe, ukaikanyaga kwa nguvu zote za klachi ya shule. Gari lilisimama papo hapo. Kofia ya mjomba haikusimama. Niliiokota kwenye kioo cha mbele. Tangu hapo mguu huo nauendesha umekunjwa nyuma chini ya kiti, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Lakini barabara ilikuwa nyeupe, gari sasa jepesi, na mimi kiburi kikanirudia. Taa ya petroli ilikuwa inawaka tangu Mbagala, rangi ya chungwa, nzuri hata. Nilikuwa nimeshaieleza mwenyewe: sisi watu wa gesi, petroli inatuhusu nini? Nikavipita vituo vya mafuta vya Kibiti kwa dharau. Ikwiriri vilevile. Mjomba akaniuliza kama hatuongezi kitu, nikamwonyesha kitufe changu. Vitaa vya kijani vilikuwa vinne tukitoka. Sasa kilibaki kimoja, nami nikadhani vingine vimelala kwa sababu ya jua.

Juu ya Daraja la Mkapa, mita 970 za Rufiji chini yetu na mjomba anausifu mkondo, kitufe kikaanza kulia pi-pi-pi. Nikakibonyeza kikanyamaza. Kitufe kikinyamaza, kwa hesabu zangu za siku ile, jambo limekwisha.

Alichotaka kunieleza fundi ni hiki. Gari la gesi huwaka kwa petroli kwanza, likipata moto ndipo linahamia kwenye gesi. Mtungi ukiisha linapiga kelele, linarudi lenyewe kwenye petroli. Kwa hiyo tangi halipaswi kukauka hata siku moja. Na mtungi kama wangu, kwa mwendo wa kawaida, hautoi mtu Ubungo ukamfikisha Somanga, sembuse aliyeuburuta na breki mpaka Mkuranga. Pale darajani lilihamia petroli. Tulipita Muhoro kwa baraka za kile kilichobaki kwenye tangi. Mbele kidogo likakohoa mara mbili, likanyamaza, nikaliacha lijiburure mpaka pembeni.

Tuliposhuka, mjomba ndiye aliyekiona kibao. Kimesimama majanini, hatua chache kutoka kwenye bampa, kinaonya watu wasichimbe: bomba la gesi limepita hapa. Akakisoma chote, taratibu, kwa macho yake mapya. Akakanyaga ardhi mara mbili kwa kisigino. Hakusema neno, na ningelipa hela aseme.

Nilibonyeza kile kitufe chenye pembetatu nyekundu, hazadi, jambo pekee nililolifanya sawasawa siku nzima. Kijana wa bodaboda akafuata petroli Somanga, akarudi na dumu la mafuta ya kula lenye lita tano, bei sitaitaja kwa sababu mke wangu anasoma. Tukamimina, nikawasha, kadi haijawekwa, marahaba mwanangu, tukaondoka.

Kilichonishangaza kipande hicho cha mwisho ni ukarimu wa watu. Kila gari tunalopishana nalo linatuwashia taa. Watoto wanatupungia, mama mmoja akasimama na ndoo kichwani akatunyooshea kidole. Nikawapungia wote. Ndani ya gari kulikuwa na mlio wa tik-tik-tik ambao mjomba aliupenda, akasema afadhali lina saa.

Somanga maji yalikuwa yanajaa na boti inatungoja. Nikaegesha kwa mwenyeji wetu, chini ya mkorosho.

"Umetia nanga?" mjomba akauliza.

Nikapeleka gia kwenye P, yaani Pwani, nikakanyaga breki ya mkono kwa mguu, ikalia krrr, kitaa kikashangaa, na kwa kuwa sikumwamini tena mtu yeyote nikaweka na jiwe nyuma ya gurudumu. Nikabonyeza rimoti kufunga. Taa zikapepesa, kama kawaida yake likifungwa. Sikungoja kuona kama zitaacha.

Boti ikatoka. Upepo ulikuwa mzuri, na nilivyoona maji yanageuka buluu nikawaza lile bomba lililolala mahali fulani chini yetu, gesi inakwenda kule tulikotoka, itanisubiri kwenye foleni. Mjomba alikuwa mtu mwingine sasa, ameketi nyuma karibu na mshika usukani, anamsahihisha. Tulikuwa tumeshaanza kuuona mtambo na minazi ya kwetu simu ikalia. Mwenyeji.

"Ndugu, hili gari lako linapepesa macho yote manne. Tangu mmeondoka. Watoto wamejaa uwanjani, kuku hawataki kupita. Funguo nani anazo?"

Nilipapasa mfukoni. Nikamweleza mjomba. Alifikiri kidogo, akiangalia tanga, kama anavyofikiri mtu aliyetia nanga bandari nyingi.

"Mwambie alifunike turubai," akasema. "Litalala."