Dalali Aliyevuka Mpaka

Huko Marekani, ambako mtu aliyefunga ndoa Alabama huingia Florida akiwa angali mume halali wa mkewe, na leseni yake ya kuendeshea motokaa ikaheshimiwa njia nzima, dalali wa nyumba ni miongoni mwa wale ambao ilimu yao huyeyuka pindi wahamishapo virago. Kwani kila jimbo lina sheria yake ya udalali, na, bila shaka, kasha lake la kupokelea ada.

Tusiidhulumu Florida lakini, maana imepatana na Alabama na majimbo mengine kadhaa kwamba dalali wa huko asirudishwe darasani, bali ajibu maswali 40 juu ya sheria za Florida, apate 30, na mambo yaishe. Ila hisani hiyo, msomaji wangu, hupewa yule asiyekaa Florida. Aliyekwisha kuhamia, akapanga nyumba, akatundika mapazia na kuwaamkia majirani, huyo huwajibika kuketi darasani saa 63, afunzwe maana ya rehani na hati ya milki, mambo ambayo amekuwa akiwafafanulia wateja tangu ujana wake, kisha akabili mtihani wa maswali 100, na akipata 74 huambiwa arudi tena.

Basi ewe dalali unayenuia kuhama, tafadhali kaombe leseni kwanza ungali mgeni, ndipo ufunge mizigo.