Mjeledi wa Kuzimia Mishumaa
Mwaka 1986 kampuni ya Konami ya Japani ilimtuma Simon Belmont, shujaa wa mchezo wa video wa Castlevania, akamuue Dracula. Silaha? Mjeledi. Mtu anakwenda kupambana na mnyonya damu, mkononi kashika kitu cha kuswagia ng'ombe! Tena njiani kazi yake kubwa ni kucharaza mishumaa, ambayo mara nyingi humdondoshea mioyo midogo. Akiishiwa nguvu, anautandika ukuta mpaka utoe mnofu wa kuchoma, naye anaufakamia bila kuuliza umekaa humo tangu lini. Indiana Jones wa sinema, pamoja na mjeledi wake, angalau ana bastola kiunoni. Simon hata kuuelekeza juu hawezi: popo akimjia utosini, yeye anacharaza mbele tu, kama aliyeapa.